Kiungo Mzito Mwenye Pasi Safi: Mpime Hivi Kabla Hujamrudisha Nyuma

Kocha mmoja wa Langoni, Lamu, ameniandikia juzi: "Mwalimu, salaam. Nina kiungo wa miaka 28, pasi zake utazipenda, lakini kila mechi vijana wanampita mbio. Mashabiki wanataka nimkalishe benchi. Je, nimrudishe nyuma acheze beki wa kati?" Nimekwisha kumjibu kwa simu. Lakini swali hili hurudi kila msimu, Lamu na huku kwetu Malindi, kwa hiyo naliandika lote hapa.

Ndiyo, anaweza. Beki wa kati hashindani mbio kama winga. Yeye anachagua aanzie wapi na aanze lini, na mtu anayejua kuchagua hayo mawili hufika kwenye mpira kabla ya mwenye mbio. Kinachowaangusha wengi ni kwamba kocha humrudisha mchezaji nyuma na kuacha mengine yote yalivyo: mabeki wanasimama palepale pa zamani, kipa hatoki mlangoni, na pembeni yake yuko beki mwingine mzito. Akipitwa mara mbili, uwanja mzima unapiga kelele na kijana anarudi benchi. Inaniuma sana kuona mchezaji mwenye akili ya mpira anahukumiwa kwa jaribio ambalo hakuandaliwa.

Anza kwa kuupima uzito wenyewe. Weka koni mbili, umbali wa mita 30. Simamisha kiungo wako na winga wako mwenye kasi kuliko wote kwenye mstari mmoja, piga filimbi, wakimbie pamoja. Msaidizi asimame kando ya njia akiwa na kofia mkononi, na kazi yake ni moja tu: winga anapovuka koni ya mwisho, aiangushe kofia pale kiungo alipofika. Pima kutoka kwenye kofia hadi kwenye koni. Rudia mara tatu, wakipumzika dakika 3 kati ya mbio na mbio, na uchukue kipimo cha katikati. Saa ya simu usiitegemee hapa, kwa sababu kidole huchelewa, na nusu sekunde kwa kasi hiyo ni zaidi ya mita 3.

Pengo likiwa mita 2 hadi 4, mfundishe. Likifika mita 5 au zaidi, nafasi inayomfaa ni moja tu, katikati ya mabeki watatu, awe na wenye mbio kulia na kushoto. Liandike pengo hilo daftarini, maana utalitumia kila wiki.

Kipimo cha pili ni cha kugeuka. Asimame akiutazama uwanja, mgongo wake kwa goli lake. Unyooshe mkono kulia au kushoto bila kumwambia mapema, ageuke upande huo akimbie mita 10. Karibu kila mtu ana upande mmoja mbovu. Akigeuka vizuri kulia, mpange beki wa kati wa kulia, kwa kuwa mipira mingi ya kumpita itaangukia nyuma ya beki wa pembeni wa upande huohuo. Makocha wengi hutazama mguu anaopigia pasi ndipo wampange. Mimi natanguliza upande wa kugeukia. Pasi ya mguu dhaifu hufundishika upesi kuliko kiuno kigumu.

Sasa itazame miguu yake, kwa sababu kazi kubwa iko hapa. Kiungo amezoea kusimama miguu sambamba, kifua kimeuelekea mpira, maana katikati ya uwanja huenda mbele, nyuma na pembeni kwa kiasi kimoja. Akisimama hivyo kwenye ulinzi, mpira ukipigwa juu ya kichwa chake anahitaji hatua tatu ili ageuke tu, na hapo winga ameshapita. Msimamishe nusu ubavu. Mguu mmoja uwe nyuma ya mwingine kwa unyayo mmoja na nusu, magoti yalegee, uzito uwe kwenye vidole. Mpira mrefu ukija, mguu wa nyuma ndio unaoanza: unafunguka kuelekea goli lake, kiuno kinafuata, kisha kifua. Asipitishe mguu mmoja juu ya mwingine. Akifanya hivyo anajifunga mwenyewe, na mshambuliaji akikata kwenda upande wa pili beki wako anaanguka bila kuguswa.

Mpe mazoezi hayo kwa mipira 8 kila upande. Mpigaji asimame mita 25 mbele yake, na wakati mwingine ajifanye anapiga kisha asipige. Lengo ni hatua ya kwanza ianze kabla mpira haujaguswa. Inawezekanaje? Anayetaka kupiga mpira mrefu hawezi kuficha. Anausogeza mpira mbele kidogo, anainamisha kichwa, mguu wa kupigia unarudi nyuma mbali kuliko wa pasi fupi, na mkono wa pili unapanuka. Kiungo wako amepiga pasi hizo maisha yake yote. Dalili zake anazo mwilini, na beki aliyelelewa nyuma tangu utotoni mara nyingi hana. Hii ndiyo sababu kubwa ya mpango wote huu, kuliko hata pasi zake.

Baada ya miguu, mfundishe asimame wapi. Mpira ulio huru, yaani aliye nao hana mtu karibu na kichwa kiko juu, mabeki wote warudi mita 4 au 5 papo hapo, kabla haujapigwa. Mpira uliofungwa, yaani aliye nao ametupa mgongo au anarudisha nyuma, wapande. Kati ya beki wako na mshambuliaji mwenye mbio kuliko wote, nafasi ya kuanzia iwe lile pengo la kofia, ongeza mita 2. Pengo likiwa mita 3, basi asimame mita 5 nyuma ya mshambuliaji, upande wa goli lenu, wakati mpira uko huru na uko mbali. Ukikaribia goli hesabu hiyo inakufa: ndani ya boksi amguse mtu wake kwa mkono.

Mtego wa kuotea, yaani mabeki kupanda pamoja ili mshambuliaji abaki nyuma yao na kibendera kiinuliwe, usiujenge juu ya mchezaji huyu. Mechi zetu nyingi mshika kibendera ni kijana aliyeombwa dakika ile, tena anaufuata mpira kwa macho badala ya kufuata mstari wa mabeki. Beki mwenye mbio, kibendera kisipoinuliwa, anaweza kukimbia akasahihisha. Wako hawezi.

Uwanja nao una maneno. Kwenye mchanga mwingi, kama viwanja kadhaa vya visiwani, mpira wa kupenyeza hufa njiani na winga naye anazama, kwa hiyo pengo la kofia hupungua. Kwenye ardhi ngumu ya kiangazi mpira hudunda na kukimbia mbele, pengo linakua. Mpime kwenye uwanja mtakaochezea. Upepo vilevile. Kusi, ule upepo wa kutoka kusini, ikikaza, Juni hadi Agosti, angalia inavuma kwenda goli gani. Mkiwa mnashambulia dhidi ya upepo, mipira mirefu ya wapinzani itabebwa na kuanguka mbali kuliko macho yanavyokadiria, kwa hiyo ongeza mita 5 za kurudi nyuma. Mkibadilisha goli, mipira yao itasimama hewani na kuangukia mbele ya mabeki, hapo apande na awahi kuruka. Mabeki wengi hufungwa dakika 10 za kwanza za kipindi cha pili kwa sababu hawakubadilisha hesabu hii.

Kwa wanaofanya mazoezi ufuoni, Shela au hapa Malindi, mchanga ulioloa ni mahali pazuri pa zoezi la kugeuka, kwa sababu unashika mguu na haumvunji magoti. Kumbuka tu kwamba siku za bamvua, bahari inapojaa na kukupwa sana, maji huwa yamejaa alasiri, na kwa mazoezi ya jioni siku za maji mafu, yanapojaa kidogo, ndizo zitakazokuachia ufuo.

Tabia za kiungo zitamponza, nazo ni chache. Kwanza, huutokea mpira. Katikati ya uwanja ukiukosa, kuna watu nyuma yako. Kwenye ulinzi ukiukosa, kuna kipa. Mpe sharti: asitoke kwenda kunyakua isipokuwa mshambuliaji ametupa mgongo na mwenzake ameshasogea kumfunika. Pili, humwachia mtu anayekimbia akidhani kuna atakayempokea. Tatu, hupokea mpira na kujaribu kugeuka na mtu mgongoni. Hiyo ikatazwe kabisa ndani ya mita 30 za goli lake, na usimhurumie akiifanya mazoezini. Nne, akishindwa mbio huvuta jezi. Mweleze sheria waziwazi: akimzuia kwa kosa mshambuliaji anayekwenda kufunga, nje ya boksi ni nyekundu. Ndani ya boksi, akiwa alijaribu kweli kuucheza mpira, ni penalti na njano, lakini kuvuta jezi hakuhesabiwi kuwa kujaribu kucheza mpira, kwa hiyo nyekundu iko palepale.

Akiwa na mpira, raha yako inaanza. Tangu sheria ibadilishwe mwaka 2019, kipa anapoanzisha mpira wa goli beki anaweza kuupokea ndani ya boksi bila kungoja utoke, na wapinzani wanatakiwa wabaki nje mpaka uanze kuchezwa. Mtu mwenye mguu mtulivu anapata muda wa kuinua kichwa, na timu yako haipotezi kila mpira kwa kuubutua. Mwagize apige pasi inayokata safu moja ya wapinzani, au mpira wa kuvuka uwanja kwenda kwa winga wa upande wa pili. Hakuna pasi ya kupendezesha mbele ya boksi.

Mifano iko. Javier Mascherano alitoka Liverpool kwenda Barcelona mwaka 2010 akiwa kiungo mkabaji, urefu wake mita 1.74, na Mei 2011 alicheza beki wa kati pamoja na Gerard Piqué kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa, Wembley, Manchester United wakafungwa 3-1. Daley Blind, ambaye hakuna aliyemsifu kwa mbio, alicheza beki wa kati wa Manchester United msimu wa 2015/16 chini ya Louis van Gaal. Pembeni yake alikuwa Chris Smalling, mrefu na mwenye kasi. Mtazame pia Casemiro, kiungo mkabaji kutoka Brazil. Tarehe 6 Mei 2024 alianza beki wa kati dhidi ya Crystal Palace, na Manchester United wakafungwa 4-0. Medali zake zote za kiungo hazikumsaidia siku ambayo wapinzani walimjia kwa kasi na mbele yake hakuna aliyewapunguza mwendo.

Ndiyo maana nasema tazama walio karibu naye. Mwenzake wa kati awe na mbio, mdomo usionyamaza, na asiwe na tamaa ya mpira. Huyu ndiye anayesimama mita 4 nyuma yake anapopanda kugombania. Kipa naye atoke mlangoni: mabeki wakiwa karibu na nusu ya uwanja, yeye awe ukingoni mwa boksi, mita 16 kutoka mstari wa goli, tayari kuondosha mpira kwa mguu. Kipa anayeganda kwenye mstari wake anamuua beki huyu, na nikiona kipa wa hivyo sihangaiki hata kupima.

Krosi nazo zina hesabu yake. Asimame kati ya mlingoti wa karibu na nukta ya penalti, mwili wazi aone mpira na mtu, aruke kwa mguu mmoja akitokea nyuma ya mpira. Viungo wengi hawajapiga kichwa cha kuondosha miaka. Mrushie mipira 10 kila zoezi, wiki mbili, kabla ya mechi yoyote.

Jaribio lenyewe lifanyike kwenye mechi ya kirafiki, dakika 25 za kipindi cha pili, ukiwa umeshaona upepo na mshambuliaji wao. Hesabu mambo matatu: mara ngapi mpira ulipita nyuma yake akiwa ameanza kwa kuchelewa, mara ngapi alipoteza mpira ndani ya mita 30 zake, na pasi ngapi zilikata safu. Akipoteza zaidi ya mpira mmoja pale nyuma, arudi mazoezini. Usimtie kwenye mashindano kwa kuwa tu beki wako ameumia, na kijana wa miaka 16 usimfungie nyuma kwa uzito wa leo, maana mwili wake bado unakua na mbio zinaweza kuja.

Makocha wenzangu, vikosi vyetu ni vidogo. Timu ya Lamu ikivuka kwenda Mokowe kucheza ugenini, kila kiti cha boti kina gharama yake, na mchezaji anayemudu nafasi mbili ana thamani ya wawili. Msimtupe mtu wa miaka 28 kwa sababu ya kelele za pembeni. Mashabiki wanaona mguu mzito, lakini ninyi mmesomea kuona zaidi ya hapo.

Kabla hujatangaza kikosi, jiulize nani anachukua nafasi aliyoiacha katikati. Usimweke mpiga pasi mwingine. Anatakiwa mkimbiaji, mtu wa kumfuata kila aliye na mpira ili mipira huru iwe michache, kwa maana beki wako sasa anaishi kwa kazi ya huyo. Kama kikosini humna mtu kama huyo, kiungo wako mwache palepale katikati.