Mtutu huifuata risasi

Swali: Salamu mhariri. Mimi na wenzangu hucheza peintiboli, ule mchezo wa kulengana kwa risasi za rangi, kila Jumapili huku Bamburi. Mtutu wangu ni mmoja tu, kipenyo cha inchi .684, ulikuja na bunduki. Boksi la kwanza la risasi za rangi lilipiga vizuri mno. La pili ni la kampuni ile ile, chapa ile ile, lakini katika kila risasi kumi moja yapasukia humo humo mtutuni. Niudai mtutu au niidai rangi?
*Mchezaji, Bamburi*

Jibu: Usidai chochote kwanza, ndugu yetu. Ile .68 iliyoandikwa boksini ni jina la daraja, si kipimo cha risasi uliyoishika. Ni sehemu 68 za mia za inchi, kama milimita 17.3, lakini risasi zenyewe hutofautiana kutoka .679 hadi .695. Hata boksi mbili za chapa moja zaweza kutofautiana. Pengo lote hilo halifiki nusu milimita, na ndilo linalokuharibia Jumapili.

Hapa Mombasa kuna jambo jingine. Ganda la risasi ni jelatini, jamaa ya ile ya kapsuli za dawa, na jelatini hunywa unyevu wa hewa. Fungua mfuko Ijumaa wakati wa masika, uuache wazi barazani, Jumapili utakuta risasi zimevimba, zimelainika, nyingine zina kibonyeo upande mmoja kama embe lililolaliwa. Kwa hiyo mtutu haupimwi mara moja kwa maisha. Hupimwa kila siku ya mchezo, kwa risasi za siku hiyo.

Kupima kwenyewe ni hivi. Ondoa hopa, kile chombo cha risasi kilicho juu ya bunduki, ondoa mtungi wa gesi, fyatua mara mbili kuelekea chini kumaliza gesi iliyobaki, kisha ufungue mtutu. Kausha mikono, maana jasho la vidole nalo hulainisha ganda. Chukua risasi kumi kutoka katikati ya mfuko. Simamisha mtutu, ule upande unaoingia bunduki ukiwa juu, udondoshe risasi moja. Ikiteremka na kutokea chini yenyewe, mtutu ni mpana. Ikikaa pale mwanzoni, weka mdomo upulize kidogo, kama unayepuliza chai: ikitoka, umepata. Ukipuliza hadi mashavu yakauma nayo haitoki, mtutu umebana. Itoe, igeuze, uipime tena, kwa sababu risasi ina mshono katikati na mara nyingi ni nene zaidi hapo. Usihukumu kwa risasi moja. Fuata jinsi nyingi katika zile kumi zilivyokaa.

Tunavyosoma barua yako, huenda boksi la pili ni la .687 au .689, nawe unalisukuma ndani ya .684. Ganda husuguliwa likapasuka, rangi hupaka mtutu, na risasi inayofuata huteleza kwenye utelezi huo ikaenda kombo au nayo ikapasuka. Ndiyo maana ikipasuka moja hufuatana tatu.

Mtutu mpana una kasoro zake pia. Gesi hupita kandokando ya risasi, mtungi huisha mapema, na mwendo hupanda na kushuka kutoka risasi hadi risasi. Ukizidi upana, ukiinamisha bunduki risasi huweza kuviringika ikatoka yenyewe, ubaki unafyatua hewa. Lakini kati ya kasoro hizi mbili, kwa joto na unyevu wa pwani, sisi tungechagua upana. Gesi iliyopotea hujazwa, ila mtutu uliojaa rangi katikati ya mchezo umekutoa. Kama mfuko unaruhusu mtutu mmoja tu wa kuongeza, nunua .689. Ukiweza zaidi, nunua seti ya mirija ya ndani inayobadilishwa, .679 hadi .695, inayoingia kwenye mtutu mmoja wa nje.

Kabla ya kutoa pesa, angalia rangi imepasukia wapi. Vua mtutu uchungulie kuelekea mwanga. Rangi ikiwa nyuma, kule bolti, kile kipande kinachosukuma risasi mtutuni, inakokwenda na kurudi, kosa si la mtutu: risasi inakatwa kabla haijakaa sawa, au vile vinundu vinavyoizuia risasi pale vimelika na zinaingia mbili. Ikiwa mbele tu, mtutu una kesi.

Swali: Nimeambiwa mtutu wa inchi 18 hupiga mbali kuliko wa 12. Kweli?
*Msomaji, Nyali*

Jibu: Si kweli. Risasi hupata karibu mwendo wake wote katika inchi 8 hivi za mwanzo. Baada ya hapo mtutu unasaidia kupunguza kelele kwa vile vitundu vyake, na ukirefuka mno unaanza kuisugua risasi na kuipunguza mwendo. Inchi 12 hadi 14 zatosha. Umbali hutokana na mwendo, na mwendo una mpaka: futi 300 kwa sekunde, yaani kama mita 91, na viwanja vingi hushusha hadi 280. Kila ukibadilisha mtutu pita tena kwenye kipima mwendo, maana mtutu unaobana waweza kupandisha mwendo bila wewe kugusa skrubu yoyote.

Swali: Je, niweke risasi kwenye friji?
*Mama wa wachezaji wawili, Kisauni*

Jibu: La, mama. Baridi hufanya ganda liwe kavu la kuvunjika, na ukizitoa nje hutokwa jasho kama chupa ya soda mezani. Jasho hilo ni maji juu ya jelatini. Ziache kwenye mfuko wao, ufungwe kabisa, chumba cha ndani chenye kivuli, uugeuze mfuko kila siku chache zisilale upande mmoja. Buti ya gari iliyoachwa juani ni mahali pabaya kuliko pote. Zilizobaki kwenye hopa baada ya mchezo usizirudishe kwenye mfuko wa zilizo nzima.

Swali: Mtutu wa rafiki yangu hauingii kwenye bunduki yangu, nikazane?
*Kijana, Likoni*

Jibu: Usikazane. Meno ya skrubu hayafanani: ya bunduki aina ya Autococker si ya Spyder, na ya Tippmann 98 si ya Tippmann A-5. Ni aluminiamu hiyo, mzunguko mmoja wa nguvu wamaliza meno ya bunduki nzima.