Vitamini za dukani na dawa ambazo tayari unatumia

Mgonjwa akiulizwa zahanati anatumia dawa gani, hutaja za presha na za sukari, lakini kopo la vitamini lililo juu ya kabati halitaji, kwa kuwa hakuandikiwa na daktari. Kwa miaka niliyomhudumia mama yangu, ambaye aliondolewa goita kwa upasuaji, nimejenga mazoea ya kubeba maboksi na makopo yake yote kwenye mfuko mmoja na kumwonyesha mfamasia kila tunapopewa dawa mpya.

Mama humeza levothyroxine, dawa inayochukua nafasi ya homoni ya tezi ya shingo, alfajiri kwa maji matupu, na chai husubiri kwanza. Kalsiamu huimeza baada ya chakula cha mchana, kwa sababu kalsiamu na madini ya chuma huishika dawa hiyo tumboni na kuizuia isifyonzwe vizuri, hivyo zinatakiwa kupishana kwa angalau saa 4. Mfamasia alituandikia saa hizo kwa kalamu juu ya kila boksi, na hata mjukuu anayebaki naye nyumbani hapotei. Antibiotiki za doksisaiklini na ciprofloxacin nazo hupunguzwa nguvu na madini hayo. Anayetumia ARV zenye dolutegravir azimeze saa 2 kabla ya kalsiamu au chuma, au saa 6 baada yake, isipokuwa akivimeza vyote pamoja na mlo. Kwa anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, vitamini K inaweza kudhoofisha kazi ya dawa hiyo, kwa hiyo asianze wala asiache multivitamini yoyote bila kumwambia daktari wake.

Wajawazito wana hesabu yao. Vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki havipatani na chai, kwani majani ya chai huzuia chuma kufyonzwa, ilhali chungwa au embe husaidia. Vikileta kichefuchefu, ni afadhali kuvimeza pamoja na chakula kuliko kuviacha, na choo kuwa cheusi kwa sababu ya chuma si jambo la kuogopa. Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba asidi ya foliki ya miligramu 5 kwa siku hudhoofisha SP, ile dawa ya kuzuia malaria wanayomezeshwa kliniki, na ndiyo maana kiwango kinachopendekezwa pamoja nayo ni miligramu 0.4. Shangazi mwenye nia njema akikuletea foliki aliyoinunua mwenyewe, isome kwanza. Vitamini A ya aina ya retinoli nayo, ikizidi, inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Kusoma lebo kunahitaji karatasi na kalamu. Ndugu walioko nje hututumia makopo mawili matatu, moja la nywele, moja la mifupa, moja la kinga, na yote yanaweza kuwa na vitamini D ndani yake. Jumlisha. Kikomo cha mtu mzima ambaye hajaandikiwa zaidi ni IU 4,000 za vitamini D kwa siku (IU ni kipimo kinachoandikwa kwenye lebo), na cha retinoli ni mikrogramu 3,000. Angalia pia kama kiasi kilichoandikwa ni cha kidonge kimoja au viwili. Vitamini A, D, E na K huhifadhiwa mwilini, kwa hiyo ziada ya A au D hujilimbikiza. Hata hivyo zile zinazotoka kwa mkojo si za kuchezea, maana B6 ikitumika kwa wingi na kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu.

Uchovu peke yake hautoshi kukufanya ununue chuma. Pima damu kwanza, hasa ukiwa na selimundu, kwani mgonjwa wa selimundu anaweza kuwa na upungufu wa damu huku chuma kikiwa tele mwilini, zaidi sana akishaongezewa damu mara nyingi.

Nyumba yenye watoto, vidonge vya chuma vikae mahali pa juu penye kufuli. Vingi vimepakwa rangi na sukari vikafanana na peremende, na mtoto mdogo akimeza vichache tu apelekwe hospitali mara moja pamoja na kopo lenyewe, hata kama bado anacheza.