Lugha isiyoandikwa popote: maneno yake yanajulikanaje?

SWALI: Nimesoma kwamba Kigiriki, Kilatini, Kisanskriti na Kiingereza vyote vimetokana na lugha moja ya kale isiyoacha hata mstari mmoja wa maandishi. Sasa maneno yake yanajulikanaje? Huko si kubahatisha? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Ingekuwa kubahatisha kama tungetegemea kufanana kwa maneno. Maneno huazimwa, na mengine hufanana kwa sadfa tu. Tunachotafuta ni tofauti zinazojirudia kwa utaratibu. Penye p ya Kilatini mwanzoni mwa neno, Kigothi, ndugu wa kale wa Kiingereza, kina f: pater na fadar (baba), piscis na fisks (samaki), ped- na fotus (mguu). Kigiriki na Kisanskriti navyo vina p katika baba na mguu, kwa hiyo sauti ya asili tunaiweka p, na Kigothi ndicho kilichobadilika. Kwa mbinu hii hii Carl Meinhof alizichambua sauti za lugha zetu za Kibantu mwaka 1899.

Lakini wewe unataka uthibitisho, na mimi sijui ulio mzuri kuliko huu. Mwishoni mwa 1878 Ferdinand de Saussure, kijana wa Uswisi mwenye miaka 21, alichapisha utafiti kuhusu irabu za lugha za Kihindi-Kiulaya, yaani ukoo huu wa Kigiriki, Kilatini, Kisanskriti na ndugu zao. Aliona kuna mizizi ya vitenzi yenye irabu ndefu, isiyolingana na umbo la mizizi mingine. Akasema: tukichukulia kwamba baada ya irabu palikuwa na sauti fulani, nayo ilipotoweka irabu ikarefuka, basi mizizi yote inafuata kanuni moja. Hakuna lugha iliyojulikana wakati huo iliyokuwa na sauti hiyo, na wengi hawakumkubali. Alifariki mwaka 1913.

Kumbe ushahidi ulishaanza kufukuliwa. Tangu 1906 vibao vya udongo vilikuwa vikichimbuliwa kwa wingi Boğazköy, Uturuki. Mwaka 1915 Bedřich Hrozný alitangaza kwamba lugha ya vibao hivyo, Kihiti, ni ya ukoo huu. Mwaka 1927 Jerzy Kuryłowicz akaonyesha kwamba Kihiti kina h mahali ambapo hesabu ya Saussure ilidai sauti iliyopotea. Tazama kitenzi cha kulinda: Kisanskriti ni pā-, a ikiwa ndefu, Kihiti ni pahs-, na h imeandikwa wazi kwenye udongo. Mtu anayebahatisha hapatii namna hiyo.

Mipaka ipo. Wengi leo huhesabu sauti tatu za aina hiyo, na Kihiti hakikuzihifadhi zote. Zilitamkwaje hasa, wataalamu hawajaafikiana. Ndiyo maana huandikwa h1, h2 na h3. Ukikuta *ph2tēr, “baba”, kinyota cha mbele kinakuambia kwamba neno hilo limejengwa upya, halijaonekana katika maandishi yoyote. Lisome kama fomula ya kueleza pater, fadar na ndugu zao, si kama matamshi yaliyorekodiwa.