Kilometa 180 za baiskeli: usigombane na upepo wa Kibaigwa

Wenzangu tunaonyonga nao jumamosi hapa Dodoma wananiuliza sana, triatloni ndefu unapangaje nguvu kwenye baiskeli, maana unaogelea kilometa 3.8, unanyonga 180, halafu unashuka na marathoni nzima ya 42.2 inakusubiri. Nitajibu kwa aibu yangu mwenyewe, mara ya kwanza niliharibu vibaya sana.

Tulikuwa watatu tunajipima tu, hakuna medali wala nini. Tukaogelea alfajiri kwenye bwawa la hoteli, saa mbili kasoro tukawa tumeshapita Nzuguni tunaelekea Kibaigwa, upande wa mashariki, kwenda ni kama 90 na kurudi 90. Wanaoijua barabara ya Morogoro wanajua upepo wa huku unatoka mashariki, na kiangazi jua likishapanda kidogo ndo unaanza kazi. Yani kwenda wote unaupokea kifuani.

Sasa mimi kichwani nilikuwa nimeshajiwekea spidi 30, sijui niliitoa wapi, na kila saa ya mkononi ikisoma 26 naona kama nadhulumiwa, nakaza, Ihumwa nakaza, Chamwino nakaza, Buigiri nikawaacha wenzangu nikajiona fundi. Kugeuza Kibaigwa upepo ukaja mgongoni, 36, 37 bila jasho, nikasema leo ni leo. Kwenye kukimbia kilometa ya 9 mapaja yakakaza yote mawili, nikakaa kwenye jiwe pembeni ya barabara nikaita bajaji. Wenzangu niliowaacha Buigiri walinipita nikiwa nimekaa hapo hapo, mmoja akanipungia mkono.

Shida ni hewa. Ukitaka kwenda spidi mara mbili, nguvu ya kuipasua hewa inataka mara nane, sio mbili. Na kwenye upepo wa mbele wa 20 ukilazimisha 30, kifua kinapigwa na hewa ya 50. Kwa hiyo zile kilometa nne nilizokuwa naziongeza kwa saa nilikuwa nazinunua kwa bei ya ajabu, na pesa yenyewe ni ya kwenye marathoni.

Kwa hiyo spidi isahau, angalia juhudi. Mwenye kipima nguvu kwenye pedali achukue ile nguvu anayoweza kuishikilia kwa saa moja, akae kwenye asilimia 65 hadi 75 yake, na sisi wa kawaida ni heri ubaki chini chini. Ambaye hana (mimi sina, bei yake nanunua baiskeli nyingine), pima kwa mdomo: uweze kuongea sentensi nzima bila kukata. Saa ya kwanza ukiona haya kwa jinsi unavyoenda taratibu, uko sawa. Wataalamu wanasema upepo wa mbele unaruhusiwa kuongeza kidogo na wa nyuma kupunguza kidogo, ni kweli, ila kidogo ni kidogo.

Halafu matuta. Hili silisikii likisemwa na watu wa kwenye video za Ulaya maana kwao sijui kama yapo. Kila kijiji una matuta, unapunguza, unavuka, kisha unasimama kwenye pedali kurudisha spidi haraka, na vile unasikia lori la transiti linapumua nyuma yako ndo unakaza zaidi. Hesabu matuta yote mpaka Kibaigwa na kurudi, ile mikurupuko inakula misuli kuliko mlima. Mimi siku hizi nashusha gia kabla ya tuta, natoka nimekaa, inachukua nusu dakika kurudi kwenye mwendo na sijali.

Kurudi na upepo mgongoni kuna mtego mwingine, unaenda na hewa yako hivyo haikupoozi, jasho linabaki mwilini na mapigo yanapanda wakati miguu haifanyi kitu. Hapo ndo pa kunywa na kujimwagia maji kichwani. Na kula kulia kwenye baiskeli, ukishaanza kukimbia tumbo linagoma. Lengo ni gramu 60 za wanga kwa saa, tumbo lililozoea linafika 90. Vijiko vitano vya chakula vya sukari ni kama gramu 60, tia kwenye chupa na chumvi na ndimu, ndizi ziwe za kutafuna tu usichoke utamu. Usijaribu siku yenyewe, anza wiki kadhaa kabla.

Mwalimu wangu lakini ni kijana mmoja wa mkaa nilikutana naye karibu na Mbande kwenye mazoezi, magunia mawili kwenye baiskeli ya chuma isiyo na gia. Nilimpita nikihema, kwenye tuta nikampita tena maana alinikuta nakunywa maji, mara ya tatu akacheka, "kaka, unakimbizana na nani?" Kwenye mpando yeye anashuka anasukuma, wala haoni aibu, akifika juu anapanda na mguu wake ule ule.

Mara ya pili nilifika Kibaigwa wa mwisho kati yetu watatu, dakika 25 nyuma, wameshamaliza chai na chapati wanavaa helmeti. Nzuguni nikashuka kwenye baiskeli nikafunga kamba za raba nimesimama, sikutafuta pa kukaa.