Mlima Unaokunywa Mawingu: Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Marsabit na Jangwa Lake

Mwezi uliopita niliandika katika safu hii kuhusu safari ya kaskazini mwa Kenya: kutoka Mlima Marsabit, kukatiza jangwa la Chalbi, hadi Loiyangalani kwenye ufuko wa Ziwa Turkana. Barua zimekuja nyingi. Zilizouliza jambo moja nimeziunganisha, na ya mwisho nimeiacha mwisho makusudi, kwa sababu imenikosoa na imenikosoa kwa haki.

Nikisikia jangwa nawaza mchanga mtupu na jua. Kweli kuna cha kutazama huko? (Msomaji, Mwanza)

Mchanga ni kidogo kuliko unavyodhani. Sehemu kubwa ya nchi ile ni mawe meusi ya volkano yaliyotapakaa hadi macho yanapoishia, kama mtu aliyemwaga makaa kisha akaenda zake. Ukifika Chalbi mawe yanakoma ghafla, unajikuta juu ya sakafu ya ziwa la kale lililokauka, tambarare, nyeupe kwa chumvi, mpaka huwezi kukadiria kama ngamia unaowaona mbele wako mwendo wa dakika kumi au wa saa mbili.

Halafu kuna milima, na hiyo ndiyo sababu yangu ya kurudi kila mara. Imesimama katikati ya ukame kama visiwa baharini. Marsabit, ambao Waborana wanauita Saaku, una mita 1,707. Kulal unakaribia mita 2,300, na Nyiru, ambao Wasamburu wanauheshimu kama mlima mtakatifu, unapita mita 2,700. Ziwa Turkana lenyewe liko kwenye mwinuko wa mita 360 hivi tu, kwa hiyo ukisimama ukingoni mwa Kulal unalitazama kutoka karibu kilomita mbili juu.

Juu ya milima hiyo kuna msitu wa kijani kibichi. Upepo unaotoka upande wa Bahari ya Hindi hubeba unyevu. Ukigonga mlima hulazimika kupanda, hupoa, na unyevu hugeuka ukungu. Miti huukamua ukungu ule kwa majani yake na kwa ile mimea ya kijivu inayoning'inia matawini kama ndevu. Amka saa kumi na mbili asubuhi mjini Marsabit, na uje na koti. Utakuta mapaa ya mabati yanadondosha maji ilhali mvua haijanyesha. Nimewahi kumtazama mama mmoja akisogeza mtungi wake chini ya ukingo wa bati, tone kwa tone, akausogeza tena kidogo upepo ulipobadilika. Maji yale ndiyo yanayozama ardhini na kuibukia kwenye chemchemi na visima vya chini ya mlima. Bila mlima, wafugaji wa jangwani kiangazi kingewamaliza.

Usikose gof. Hilo ndilo jina la wenyeji kwa mashimo makubwa ya volkano. Gof Redo iko nje kidogo ya mji, na Gof Sokorte Guda, ndani ya hifadhi, ndiyo inayokumbatia Ziwa Paradise. Tembo huteremka pale kunywa. Msitu huu ndio aliotembea Ahmed, tembo wa pembe ndefu ambaye Rais Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri ya rais mwaka 1970. Alikufa mwaka 1974, na sanamu yake ya ukubwa kamili iko katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Watoto wanaomtazama pale mara nyingi hawajui kwamba msitu wake bado upo.

Nina gari dogo la kawaida. Naweza kufika? (Msomaji, Nakuru)

Hadi Marsabit mjini, ndiyo, bila wasiwasi. Ni zaidi ya kilomita 500 kutoka Nairobi na lami inaendelea hadi Moyale. Wanaokumbuka enzi za kupanda juu ya lori la ng'ombe kutoka Isiolo wanaijua thamani ya lami hiyo. Mabasi yapo pia.

Ukitoka mjini kushuka magharibi, liache gari lako. Kodi gari la juu, linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne, pamoja na dereva wa kulekule. Ubahili hapa haufai. Kuna njia tatu za kufika Loiyangalani. Ya Laisamis ilitengenezwa kilomita 208 wakati wa ujenzi wa mitambo ya umeme wa upepo, na ndiyo nyepesi. Ya Kargi ni ya katikati. Ya Maikona, Kalacha na North Horr inapita Chalbi kwenyewe, na kwangu mimi ndiyo tamu kuliko zote, lakini kiangazi tu. Mvua za Aprili na Mei, na zile za Novemba, huigeuza Chalbi kuwa tope linalomeza gari hadi milangoni.

Hata anga likiwa safi, usiamini macho. Safari moja dereva wetu alisimamisha gari mahali palipoonekana pakavu kama sakafu ya saruji. Akashuka, akapiga kisigino mara mbili. Ukoko mweupe ukapasuka, na chini yake tope jeusi likanyanyuka taratibu, likajaza alama ya kiatu. Alirudi kwenye gari bila neno, tukazunguka kwa saa nzima. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, siku nne nyuma, na maji yakaja chini kwa chini.

Beba spea mbili, mafuta ya ziada, na maji mengi kuliko unayodhani utakunywa. Mtandao wa simu unapatikana vituoni na kupotea katikati. Na kabla ya kuondoka Marsabit, uliza hali ya usalama: polisi, chifu, madereva wa malori. Migogoro ya malisho na wizi wa mifugo hutokea, na njia iliyokuwa shwari wiki iliyopita inaweza kuwa imefungwa leo. Wakikuambia ngoja, ngoja.

Ziwa Turkana mnalisifu rangi yake ya zumaridi. Naweza kuogelea? (Msomaji, Dar es Salaam)

Hapana. Mamba ni wengi, na upepo wa pale huinua mawimbi bila kubisha hodi.

Mama yangu ana miaka 68 na shinikizo la damu. Tumpeleke? (Msomaji, Thika)

Kwanza amwone daktari wake. Akiruhusu, mpelekeni Marsabit mjini mkaishie hapo: hali ya hewa ni ya baridi, hospitali ipo, na msitu uko mlangoni. Loiyangalani kuna joto na umbali ambao singependa kumwona mzee akiubeba.

Mimi ni mwalimu wa historia. Nataka wanafunzi waone urithi, si mandhari tu. Tuanzie wapi? (Msomaji, Machakos)

Mwalimu, swali lako limenifurahisha. Anzia Makumbusho ya Jangwa, Loiyangalani, yaliyojengwa kilimani juu ya ziwa. Ni madogo, lakini yanawapa wanafunzi majina na sura za jamii watakazokutana nazo: Warendille, Wagabra, Wasamburu, Waturkana, Waelmolo na wengine. Jina Loiyangalani lenyewe ni la Kisamburu, maana yake mahali penye miti mingi, na wakishaona mikoma iliyozunguka chemchemi katikati ya mawe yale hawatalisahau.

Kisha watafutie mwenyeji awapeleke kwenye michoro ya mawe. Mabonde ya karibu na mji yana twiga wengi ambao watu wa kale waliwachonga juu ya miamba. Waonyeshe jinsi kazi ilivyofanyika. Mwamba wa jangwani hujenga ngozi nyeusi kwa karne nyingi za jua na vumbi. Mchongaji aliigonga ngozi hiyo kwa jiwe gumu, nukta baada ya nukta, mpaka rangi ya ndani iliyo hafifu ikatokea. Baada ya hapo jangwa huanza tena kuipaka giza. Ndiyo maana kwenye mwamba mmoja utaona twiga aliyefifia karibu kupotea na mwingine pembeni yake bado anang'aa: wametenganishwa na muda mrefu. Wanafunzi wakishaliona hilo kwa macho yao, wataielewa historia kwa namna ambayo ubao hautoi.

Tafadhali wasimwagie mchoro maji wala kuupitishia chaki ili upigike picha vizuri. Nimeona chaki juu ya twiga mmoja na iliniuma. Wasiguse pia marundo ya mawe ya makaburi yaliyotawanyika njiani, wala wasiweke kipande cha mfupa mfukoni. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inalinda vitu hivyo.

Mkiwa na siku za ziada na magari imara, endeleeni kaskazini hadi Hifadhi ya Taifa ya Sibiloi. Kule Koobi Fora, mwaka 1972, Bernard Ngeneo wa timu ya mtafiti wa visukuku Richard Leakey aliona vipande vya fuvu la jamaa wa kale wa binadamu, lililokuja kujulikana duniani kwa namba 1470, lenye umri wa karibu miaka milioni 1.9. Wanafunzi wako walijue jina la Ngeneo. Karibu na ghuba ya Allia kuna Jarigole, mahali ambapo wafugaji wa kwanza wa ukanda huo walisimamisha nguzo za mawe juu ya makaburi ya wapendwa wao, kati ya miaka 4,000 na 5,000 iliyopita. Watafiti walikuta humo shanga za mawe na za maganda ya mayai ya mbuni. Halafu rudini Loiyangalani, mtazame shingo za akina mama sokoni.

Nikitaka kupiga picha watu, nilipe? Na niwasalimieje? (Msomaji, Kisumu)

Salamu kwanza, kamera baadaye sana. Kwa Waborana na Wagabra sema "nagaa". Kwa Wasamburu sema "serian", na Warendille wengi watakuelewa. Maneno yote mawili maana yake ni amani, na hayasemwi kwa haraka: watakuuliza amani ya mifugo, ya watoto, ya huko utokako, nawe uliza ya kwao. Ukikaribishwa chai ya maziwa ya ngamia, keti unywe. Ina ladha ya moshi kwa sababu chombo cha maziwa husafishwa kwa kijinga cha moto, na moshi ule ndio unaoyafanya maziwa yakae bila kuharibika upesi.

Kuhusu malipo, ongeeni kabla, kwa uwazi, na mwenye sura ndiye aamue. Akikataa, amekataa. Kwenye visima vya kuimba, ambako vijana hupanga foleni kisimani na kupandisha ndoo za maji mkono kwa mkono kwa wimbo, kamera yako inaweza kumtoa mtu kwenye mdundo, na mdundo ukikatika maji yanamwagika. Omba ruhusa kwa mzee wa kisima. Binafsi siku hizi nasikiliza tu.

Nimezaliwa Kargi. Mnakuja, mnapiga picha, mnaondoka, sisi tunabaki na ukame. Na katika makala yako uliandika kwamba nyumba ya Kirendille "hubomolewa" wakati wa kuhama. Haibomolewi. Hufungwa. (Msomaji, Kargi)

Dada, pole na asante. Niliandika vibaya, na nimelifikiria neno lako wiki nzima.

Kuhusu ukame sina la kupunguza. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, na nimepita kando ya mizoga ambayo hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuizika. Mtalii hawezi kurudisha mifugo ile. Anachoweza ni kuhakikisha fedha yake haipiti juu ya vichwa vyenu: alale kwa wenyeji, aajiri dereva na kiongozi wa Marsabit badala ya kuja na kila mtu kutoka Nairobi, anunue maziwa na shanga kwa aliyezitengeneza bila kumshusha bei kama yuko gulioni. Hata upepo wenu umeleta somo hili. Ule upepo unaobanwa kati ya milima ya Ethiopia na ya Kenya ndio unaozungusha mitambo 365 ya umeme karibu na Kulal, yenye uwezo wa megawati 310 kwa jumla. Lakini wananchi walilazimika kwenda mahakamani kuhusu ardhi, na mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo zilipatikana bila kufuata utaratibu. Atakayesimama kupiga picha mitambo ile ajue inasimama kwenye malisho ya nani.

Na nyumba. Nilikaa karibu na boma moja la jirani zenu alfajiri ya kuhama. Mwenye nyumba, mama wa makamo, alianza kabla hakujapambazuka. Alitoa mikeka ya mkonge mmoja mmoja, akaikung'uta vumbi, akaikunja. Fito zilizopinda za paa alizifungua kamba bila kukata hata moja, akazisimamisha ubavuni mwa ngamia aliyepiga magoti, mikeka ikafuata, vyombo vya maziwa vikafuata, na juu kabisa akamkalisha mtoto. Ngamia aliposimama, fito zile zilikuwa zimepinda juu ya kichwa cha mtoto vilevile zilivyopinda usiku alipolala. Chini palibaki mawe matatu ya jiko na jivu lenye joto.

Umesema kweli. Ilikuwa imefungwa.