Waini nyeupe ya Bordeaux inaendana na msosi gani?

SWALI: Dada, nipo Bordeaux, Ufaransa, kikazi, nimepewa chupa ya waini nyeupe ya Entre-Deux-Mers, eneo la huku huku Bordeaux, wanasema ni mchanganyiko wa zabibu. Naionjaje, na nile nini nayo?

JIBU: Mdogo wangu, umepata kitu kizuri! Mara nyingi humo kuna zabibu za Sauvignon Blanc, ndo zinaleta ule uchachu wa ndimu na harufu ya majani mabichi, halafu zabibu aina nyingine, Sémillon, inaongeza uzito na ulaini mdomoni. Ipoze nyuzi 8 hadi 10 hivi, ikizidi ubaridi harufu inajificha, zungusha glasi, nusa kwanza, kisha piga funda dogo ulitembeze mdomoni taratibu. Msosi ni chaza wabichi wa Arcachon, pwani ya hapo hapo jirani, chumvi yao na ule uchachu vinaelewana balaa. Nyama choma hapana, itaifunika kabisa.