Ukimaliza Mindhunter, jirani yako muache alivyo

Msimu wa pili wa tamthilia ya Mindhunter ulitoka Agosti 16, 2019. Tarehe naikumbuka kwa sababu ilikuwa Ijumaa, na baada ya miezi mingi ndiyo mara ya kwanza nilikuwa sina zamu mpaka Jumatatu. Naishi Clarkston, mji mdogo pembeni ya Atlanta, ambako ukitoka mlangoni unasalimiwa kwa Kiswahili cha Goma, cha Bujumbura na cha makambi ya Kigoma kabla hujafika kituo cha basi. Sisi wanawake wa hapa tuna kundi letu la WhatsApp, na wikiendi ile hapakuzungumzwa jambo jingine. Kufika Jumapili usiku tulikuwa tumezimaliza sehemu zote tisa. Wengi wetu tulilala taa zikiwaka.

Wadogo zangu wanaoianza sasa wananiuliza kama ni nzuri. Ni nzuri, tena sana. Lakini kuna mambo nilifanya baada ya kuitazama ambayo yalimuumiza mtu, na ndiyo yaliyonifanya niandike.

Kwa ambaye hajaiona: ni mwishoni mwa miaka ya sabini, na wapelelezi wawili wa FBI, Holden Ford na Bill Tench, wanazunguka magereza ya Marekani kuzungumza na wauaji wa mfululizo. Wanataka kuelewa mtu anafikiaje hali ile, ili polisi wakikuta maiti waweze kusema wamtafute mtu wa namna gani. Wahusika hao wametokana na watu halisi, John Douglas na Robert Ressler, waliokuwa katika Kitengo cha Sayansi ya Tabia kilichoanzishwa mwaka 1972 huko Quantico, Virginia. Yule mama msomi, Wendy Carr, ametokana na Ann Burgess, muuguzi na profesa aliyewasaidia kuyageuza mazungumzo yale kuwa utafiti wenye utaratibu. Walikusanya habari za wauaji 36. Tamthilia yenyewe haina magari ya kukimbizana wala risasi nyingi. Sehemu kubwa ni watu wameketi mezani wanaongea, na mtego uko hapohapo. Ukishasikiliza sehemu kumi na tisa za mazungumzo ya aina ile, unajiona na wewe umefuzu.

Mimi nilijiona nimefuzu. Ghorofa ya chini yetu alikuwa anakaa mwanamume mmoja, Mkongo wa umri wa miaka hamsini hivi. Mkimya, anaishi peke yake, hana wageni. Anarudi saa tisa usiku, anashusha mifuko mikubwa myeusi kwenye buti ya gari, halafu anakuja kuifuta ile buti kwa kitambaa gizani. Nilimwona mara tatu kupitia dirisha la jikoni, mimi mwenyewe nikiwa natoka zamu ya usiku, yaani nikiwa narudi saa zilezile anazorudi yeye. Nikaandika kwenye kundi kwamba huyu baba ana dalili zote. Nikazitaja moja moja, kwa maneno niliyoyaokota kwenye tamthilia. Wenzangu wakaongeza za kwao: kwamba haendi kanisani, kwamba hawatazami watoto usoni.

Ujumbe ule ulisafiri. Sijui ni nani aliyeufikisha kwa meneja wa majengo, ila siku nne baadaye, mchana kweupe, meneja alimgongea mlango akitaka kujua kwenye mifuko kuna nini. Nilikuwa nashuka ngazi. Yule baba akaitoa mifuko miwili nje, akaifungua pale barazani, watu wakitazama: matambara, vichwa vya fagio za kupigia deki, sare mbili za kazi zilizolowa. Alikuwa anasafisha maofisi katikati ya jiji, na vitambaa alikuwa anavileta nyumbani kuvifua kwa sababu ndivyo alivyokubaliana na mwajiri wake. Kile alichokuwa anakifuta kwenye buti ni maji ya dawa yaliyokuwa yanavuja.

Nilienda kwake jioni yake na sufuria ya pilau. Nikamwambia, baba, nisamehe, maneno yale yalianzia kwangu. Hakunikaribisha ndani. Akasema, "Mama, mimi niko mtu ya kazi tu. Ungeniuliza." Sufuria hakuipokea. Alihama kabla ya mwaka kwisha.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ndio huo ulioko kwenye kichwa cha habari, na nauweka kwa uzito wote. Kile unachojifunza kwenye tamthilia ile usikipeleke kwa jirani. Chukua maneno ambayo wasifu wa muuaji, yaani yale maelezo ya mtu wa namna gani polisi wamtafute, huwa nayo: mwanamume, si mzee, mpweke, mwenye kinyongo na mama yake, mwenye kazi ya hali ya chini. Sasa hesabu kwenye jengo lako ni wangapi. Katika mji wa wakimbizi kama wetu, ambako wanaume wengi wameacha familia nyuma na wanafanya kazi za usiku, wanaingia karibu wote.

Hata wenye kazi yao hukosea, na wakikosea mtu anafungwa. Baada ya lile la jirani nilisoma sana, na kesi iliyonikaa ni ya London. Julai 1992 mama kijana, Rachel Nickell, aliuawa kwenye uwanja wa Wimbledon Common mbele ya mtoto wake mdogo. Polisi walikuwa na wasifu ulioandaliwa na mwanasaikolojia, wakaona unamwingia Colin Stagg, mkazi wa karibu aliyekuwa akitembeza mbwa pale. Wakamtuma askari wa kike ajifanye anampenda, miezi na miezi, akimchokonoa aseme alichofanya. Hakukiri. Akakaa mahabusu zaidi ya mwaka, mpaka Septemba 1994 jaji alipoutupa ushahidi ule. Mwenye kosa alikuwa Robert Napper, aliyekuja kukiri mwaka 2008. Na wakati polisi wanamkazania Stagg, Napper alimuua mama mwingine na binti yake mdogo, Novemba 1993. Kila nikifikiria wasifu namfikiria mtoto yule.

Oktoba 2002 ikawa kule Washington, watu wanapigwa risasi kutoka mbali, kumi wakafa. Kwenye runinga wataalamu wakawa wanamzungumzia mzungu mmoja, na kila gari dogo jeupe la mizigo likawa linasimamishwa. Waliokamatwa walikuwa wawili, weusi, ndani ya Chevrolet ya buluu.

Sisemi elimu ile ni bure. Hapa Atlanta, kati ya 1979 na 1981, watoto weusi walikuwa wanauawa mmoja baada ya mwingine, na ndiyo kesi inayobeba msimu wa pili. Wakati watu wengi waliamini wauaji ni Ku Klux Klan, lile kundi la wazungu wabaguzi, Douglas alisema mtafuteni kijana mweusi, kwa kuwa mzungu akiranda kwenye mitaa ile angeonekana. Na aliyekamatwa alikuwa kijana mweusi, Wayne Williams. Lakini kilichomkamatisha ni askari waliokesha chini ya madaraja usiku wa Mei 22, 1981, wakasikia kitu kizito kimeanguka kwenye mto Chattahoochee, wakalisimamisha gari lililokuwa juu. Na kilichomfunga ni nyuzi za zulia na manyoya ya mbwa. Wenzangu wengi walilalamika kwamba tamthilia imekatizwa kabla ya kumwona yule mtu wa Kansas, anayeonyeshwa kidogo kidogo mwanzoni mwa sehemu, akitiwa pingu. Kwa faida yao: ni Dennis Rader, aliua watu kumi, na mwaka 2005 alikamatwa kwa sababu ya diski ya kompyuta aliyowapelekea polisi mwenyewe. Diski ikawaonyesha kanisa lake. Alikuwa mwenyekiti wa baraza la kanisa.

La pili linahusu Edmund Kemper, mmoja wa wauaji wanaohojiwa kwenye tamthilia, na hili lilinigusa mimi zaidi ya lile la kwanza.

Waliotazama msimu wa kwanza wanamjua. Jitu la miraba minne, miwani, sauti ya taratibu, anamkaribisha mpelelezi mkate wenye mayai kama mwenyeji anayekirimu mgeni. Aliyeigiza, Cameron Britton, aliteuliwa kuwania tuzo ya Emmy, na alistahili. Kundini kwetu Kemper alikuwa kipenzi. "Huyu kaka ana adabu jamani." "Mimi angenikamata kwa ile sauti tu." Nilikata kipande chake nikakiweka status.

Kemper wa kweli aliwaua babu na bibi yake akiwa na miaka 15. Alipoachiliwa aliwaua wanafunzi wa kike sita, halafu mama yake mzazi, halafu rafiki wa mama yake. Mwaka 1973 alipiga simu polisi mwenyewe kutoka Colorado, na mwanzoni hawakumwamini. Hayo yote tamthilia inayasema, na mimi niliyasikia. Lakini nilipomaliza kutazama, nilichobaki nacho kichwani ni sauti yake na mkate wake. Sikuweza kumtaja hata mmoja wa wale wasichana.

Kazini alikuwepo mama mmoja wa hapahapa Atlanta, mtu mzima, siku hizi amestaafu. Aliona ile status yangu wakati wa mapumziko, tukiwa tumekaa jikoni na vikombe vya chai. Hakunifokea. Aliniuliza kama nimefika msimu wa pili, nikamwambia nimeumaliza. Akasema yeye aliishia pale akina mama wanapoanza kuongea, akazima. Mwaka 1980 alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka tisa. Jiji lilikuwa limewawekea watoto amri ya kutotoka nje usiku, na yeye hata mchana alikuwa hamwachii. Akanionyesha kwa mkono jinsi alivyokuwa akimshika wakienda dukani: vidole viwili ndani ya ukosi wa shati, kwa nyuma, ngumi imefungwa. Mtoto alikuwa analalamika kwamba wenzake wanamcheka. Aliunyoosha ule mkono hewani kwa muda, kama shati bado limo ndani yake, kisha akarudia kikombe chake.

Nilifuta status siku ileile. Usiku nikasoma habari za Yusuf Bell. Naye alikuwa na miaka tisa. Oktoba 21, 1979 alitumwa dukani na jirani, amnunulie tumbaku ya kunusa. Ni nani kati yetu hajatumwa tumbaku ya bibi wa jirani? Hakurudi. Maiti yake ilikutwa Novemba kwenye shule iliyoachwa. Mama yake, Camille Bell, alipoona watoto wanaendelea kupotea na wakubwa wa jiji hawataki kukiri kuna jambo, akajiunga na akina mama wenzake wakaunda kamati yao kulazimisha uchunguzi. Waliouawa hawakupungua 28, wengi wao watoto na vijana weusi wa familia maskini. Williams alihukumiwa mwaka 1982 kwa vifo viwili, vyote vya watu wazima. Kwa vifo vya watoto hajashtakiwa mtu. Mwaka 2019, miezi michache kabla ya msimu ule kutoka, meya Keisha Lance Bottoms alitangaza kwamba ushahidi utapitiwa upya.

Baada ya kuyajua hayo niliutazama msimu wa pili tena, na ilikuwa kama tamthilia nyingine. Mara ya kwanza nilikuwa nawaona akina mama kama wanaichelewesha hadithi. Nilikuwa nasogeza mbele ili nimfikie Charles Manson, yule kiongozi wa genge la wauaji.

Sasa haya ni ya kiutendaji. Tazama mchana. Tazama sehemu moja, uzime, ufanye jambo jingine la mikono: osha vyombo, suka nywele. Sisi tuliokesha wikiendi nzima tuliota ndoto mbaya karibu mwezi, na mmoja wetu alianza kusogeza kabati mlangoni kila usiku. Si udhaifu. Mandy Patinkin, mwigizaji mkongwe, aliiacha Criminal Minds, tamthilia nyingine ya wapelelezi wa wauaji, mwaka 2007 ikiwa inatazamwa na mamilioni, na baadaye akasema kuichukua kazi ile lilikuwa kosa lake kubwa kabisa, kwamba ilimharibu nafsi. Alikuwa analipwa, tena anajua damu ni rangi. Kama nyumbani kuna watoto, mlango ufungwe na sauti ipunguzwe. Mwanangu alishika mengi kwa kusikia ukutani kuliko ambavyo angeshika kwa kuona.

Vipande vya wauaji usivisambaze, hata vya kuchekesha, hasa vya kuchekesha. Huwezi kujua ni nani aliye kwenye orodha yako ya simu.

Na kabla hujabonyeza sehemu ya kwanza ya msimu wa pili, tafuta orodha ya majina ya watoto wa Atlanta uisome kwa sauti, yote, si ya Yusuf peke yake. Itakuchukua dakika mbili. Anayemwigiza Camille Bell ni June Carryl. Akianza kuzungumza, weka simu chini, na remoti uiweke mbali na mkono.